Mbamba Bay na Chombo cha Miili Miwili

Safari hii tunawateremsha hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako Julai mwaka jana tulikaa siku nne na kurudi na habari ambayo hatukuitazamia.

Kwanza tuseme sisi ni nani. Sisi ni akina mama wa mlimani. Tumelelewa Mbinga, katikati ya mikahawa na mashimo ya ngoro, na ziwa tulilijua kwa njia ya samaki tu. Mbasa na dagaa walipanda mlima wakiwa wamekauka ndani ya matenga, na mahindi na maharage yetu yakateremka. Mtu wa kwetu akiambiwa apande mtumbwi hutafuta kwanza sababu ya kukataa. Wenyeji wa ufukweni, yaani Wanyasa, Wampoto na Wamanda, hutucheka sana kwa jambo hilo, na hatuwezi kuwalaumu.

Zamani kuteremka huko ilikuwa kazi. Ulipanda juu ya magunia katika gari la mizigo, na wakati wa masika uliaga nyumbani bila kusema utarudi lini. Siku hizi ni lami tupu, kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Tulikunywa chai nyumbani, tukaondoka saa mbili asubuhi, na kabla ya saa nne ziwa lilikuwa limetandazwa chini yetu kama khanga mpya ya buluu. Mmoja wetu aliyejiandaa kutapika kwenye kona alifika na mfuko wake mtupu, akaufanya wa kubebea samaki.

Mbamba Bay ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Tulikuwa tumealikwa na akina mama wenzetu wa kanisa kupima shinikizo la damu na kuzungumza na mabinti juu ya uzazi salama. Kazi hiyo tuliifanya siku mbili, chini ya mwembe, na hatutaieleza zaidi maana wasomaji wa ukurasa huu wanaijua. Siku ya tatu tulipewa mapumziko, na hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Asubuhi hiyo tulikwenda ufukweni kununua dagaa. Mchanga wa Mbamba Bay ni mzuri, mweupe na laini, na ghuba yenyewe imekumbatiwa na vilima vya mawe. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa juu, mmoja pembeni ya mwingine. Pembeni kidogo tuliona watoto wamejaa kama nyuki kukizunguka kitu ambacho kwa mbali tulidhani ni kitanda kilichowekwa juu ya mitumbwi miwili.

Kilikuwa chombo cha tanga. Wenyewe walikuwa mume na mke, wageni wa makamo waliokuwa wakizunguka nchi zenye maziwa huku wakikivuta kwa tela nyuma ya gari lao. Mama yule alizungumza Kiswahili kizuri, maana aliwahi kufundisha nchini kwetu ujanani. Alituambia kwamba chombo cha namna hiyo huitwa katamarani. Kina miili miwili myembamba, mirefu kama mita 5, inayokwenda sambamba. Imeunganishwa kwa boriti za aluminiamu, na katikati limekazwa turubai la kukalia. Mlingoti unapanda kama mita 8, lakini chombo chote hakifiki kilo 150. Watu wanne walikibeba kutoka kwenye tela kama tunavyobeba meza ya harusini.

Tukiwa tunashangaa, akaja mzee mmoja mvuvi. Hatutamtaja jina, maana hakutaka. Tumwite Babu, kama kila mtu pale anavyomwita. Hakusalimia mtu. Alipiga magoti mchangani, akachungulia chini ya turubai, akapitisha vidole vyake mahali boriti inapokutana na mwili wa chombo. Kisha akamwuliza mgeni, "Mmeifunga kwa nini?"

Mama yule alidhani anaulizwa sababu, akaanza kueleza. Babu akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Nauliza kamba. Kamba gani?"

Sisi wawili katika kundi letu tulitazamana. Tulimfahamu mzee yule, na tulijua kwa nini anauliza.

Ilikuwa masika ya mwaka 2004. Sisi wawili tulikuwa wauguzi wapya, diploma zetu hazijapata hata vumbi, tukifanya kazi katika zahanati ndogo ya ufukweni kati ya Mbamba Bay na Liuli. Jioni moja aliletwa binti mwenye mimba ya kwanza, akiwa katika uchungu siku ya pili. Mtoto hakushuka. Kila muuguzi anayesoma hapa anajua maana yake: mama huyo anahitaji kupasuliwa, na saa zinahesabika. Barabara ilikuwa imekatwa na mto. Hospitali iliyoweza kumsaidia ilikuwa Liuli, na njia pekee iliyobaki ilikuwa maji.

Sasa, wale wasioujua mtumbwi wa Ziwa Nyasa lazima waelezwe. Ni gogo moja lililochimbwa, na mdomo wake ni mwembamba kiasi kwamba mvuvi huketi juu ya ukingo na kuiingiza miguu tu. Humlazi mgonjwa humo. Ukimkalisha mama wa namna ile saa tano, unaweza kumwua njiani. Na akijipindua kwa uchungu, mtumbwi nao unapinduka.

Babu, ambaye siku hizo hakuwa mzee, alisimama mlangoni akasikiliza tukibishana. Kisha akatoka. Aliporudi alikuwa na wenzake watano na mianzi minne. Waliweka mitumbwi miwili sambamba, nafasi ya mikono miwili iliyonyooshwa ikiwa katikati, wakailaza mianzi juu na kuifunga. Juu ya mianzi wakaweka kitanda cha kamba cha mama mkwe wake. Hatukuwahi kuona jambo hilo, na yeye alisema hakuwahi kulifanya. Tulimlaza binti kwa ubavu wa kushoto, dripu tukaining'iniza kwenye kijiti, na sisi tukakaa mmoja kila upande, tumeshikilia kitanda kuliko tulivyomshikilia mgonjwa.

Tuseme kweli, tuliogopa sana. Lakini chombo kile hakikuyumba. Mtumbwi mmoja ulipotaka kulala, mwenzake uliuzuia. Shida ilikuwa nyingine kabisa: kila mtumbwi ulitaka kulipanda wimbi lake. Huu unapanda, ule unashuka, na mianzi katikati inalia kama mlango mbovu. Karibu na usiku wa manane vifundo vilianza kulegea. Babu alitambaa juu ya mianzi gizani akivipapasa kimoja kimoja. Kamba za naylon zilizotolewa kwenye nyavu zilikuwa zinateleza kwa sababu ya kulowa. Zile za katani zilikuwa zimekaza zaidi. Akafungua kanga aliyojifunika mmoja wetu, akaisokota, akafunga nayo kifundo kibaya kuliko vyote.

Tulifika Liuli mapambazuko, chini ya lile jiwe la Pomonda ambalo Wajerumani, kwa kuliona kama sanamu ya simba ya Misri, waliita bandari hiyo Sphinxhafen. Watoto wa shule hufundishwa kwamba hapo Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani. Sisi tunapakumbuka kwa sababu nyingine. Binti alipasuliwa asubuhi ile, akapata mtoto wa kike aliyelia kwa hasira.

Basi ndiyo sababu Babu aliuliza habari ya kamba.

Jioni wageni wale walitukaribisha chai, na hapo tulijifunza mengi. Mengine tuliyasoma baadaye. Neno katamarani limetoka kusini mwa India, katika lugha ya Kitamil. Kattu ni kufunga, na maram ni mti au ubao. Miti iliyofungwa pamoja! Babu alifurahi mno kusikia hivyo, kana kwamba Wahindi walikuwa wamemnukuu. Kwa hakika chombo cha Kitamil kilikuwa magogo yaliyofungwa yakawa kama chelezo, lakini jina likahamia kwa vyombo vya miili miwili. Mabingwa wakubwa wa vyombo hivyo walikuwa watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, waliovuka bahari kwa mitumbwi mikubwa miwili iliyounganishwa, na familia, mbegu na mifugo juu yake. Wenyeji wa Hawaii walijenga upya chombo cha namna hiyo, wakakiita Hokule'a, na mwaka 1976 wakasafiri nacho hadi Tahiti bila dira, wakifuata nyota na mawimbi.

Wazungu walichelewa. Mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff alileta katamarani yake, Amaryllis, katika mashindano ya New York. Akawapita wenye vyombo vya kawaida kwa urahisi mno, nao wakaona dawa ni kumzuia asishindane nao tena. (Wenye watoto wanaocheza bao nyumbani watalielewa jambo hili.) Ilipita karibu miaka mia moja hadi Hobie Alter wa California, fundi wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi, alipotoa mwaka 1968 katamarani ndogo ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua, kuivuta kwa gari na kuiingiza majini kutoka mchangani. Ile ya wageni wetu ilikuwa ya ukoo huo.

Kumbe hata sisi Afrika Mashariki tunavyo vyombo vya jamaa hiyo. Kule Kigoma, tangu miaka ya 1950 wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakiunganisha mitumbwi miwili kwa miti mirefu. Usiku huwasha taa, dagaa hukusanyika, na wavu ulioshushwa katikati hunyanyuliwa ukiwa umejaa. Huko huita kipe. Mwendao Unguja kwa boti za Kilimanjaro kutoka Dar es Salaam, mnapanda katamarani. Nyingi zilijengwa Hobart, Australia, kwa aluminiamu, na kwa muda wa kama saa mbili mnafika bandarini Malindi. Kwa kuwa boti hizo ni pana, hazilali ubavu sana, lakini mawimbi yakija kwa upande hutikisika kwa haraka haraka na matumbo hulalamika. Ushauri wetu kama wauguzi ni huu: kula kidogo kabla ya safari wala usipande na njaa, kaa karibu na katikati upande wa nyuma, tazama mbali mahali maji yanapokutana na mbingu, na dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya chombo kung'oa nanga, siyo baada ya kuanza kutapika. Mjamzito asinunue dawa hiyo kiholela. Aulize kwanza kliniki.

Halafu kuna ngalawa. Ngalawa ina mwili mmoja na mikono miwili ya kuizuia isipinduke, kwa hiyo ni binamu wa katamarani zaidi kuliko ndugu. Mama mgeni alituuliza kama tunajua Waswahili wa pwani huiitaje mikono ile. Hatukujua. Akasema, "Matengo."

Tulicheka hadi vikombe vikamwagika. Sisi ni Wamatengo! Wazee wetu husimulia kwamba jina letu limetokana na misitu minene ya milimani, wala halihusiani na maji hata kidogo. Lakini Babu hakuikubali habari ya misitu. Tangu jioni ile alituita "matengo ya ngalawa", akituambia kazi yetu ni kuwazuia Wanyasa wasipinduke.

Tukarudi kwenye jambo zito. Mama mgeni alisema kesho yake asubuhi, upepo ukiruhusu, yeyote anayetaka atazungushwa ghubani. Kulikuwa na binti mmoja aliyekaa nyuma yetu akihudumia chai, ana miaka 21, anauza samaki sokoni. Alisema mara moja, "Mimi nitakwenda." Na mama yake, aliyeketi karibu nasi, akasema mara moja vilevile, "Huendi."

Mnaelewa binti huyo ni nani. Ni yule aliyelia kwa hasira Liuli.

Mama yake hakuwa mkali bure. Mwaka aliojifungua, mwezi wa Julai, kaka yake alitoka kuvua akapatwa na upepo wa mwera, na mtumbwi wake ulirudi peke yake. Mwera ni upepo wa kusini-mashariki unaovuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, siku kadhaa mfululizo, nao hulifanya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 kuwa bahari kamili. Ziwa hili halichagui mtu. Askofu Chauncy Maples alizama humo mwaka 1895 mashua yake ilipopinduka, na meli ya misheni iliyozinduliwa mwaka 1901 ikapewa jina lake. Mwaka 1946 meli mpya iitwayo Vipya ilizama katika dhoruba, wakafa watu 145. "Ziwa ni shamba," alisema yule mama. "Nani anakwenda shambani kucheza?"

Kisha akatugeukia sisi wawili. "Nyinyi akina sista ndio mlionivusha. Semeni."

Hapo tulishikwa. Siku mbili tulikuwa tumewafundisha mabinti kujitawala kwa akili, na sasa mama mmoja anatuuliza kama mwanawe anaweza kwenda majini kwa furaha tu, na hatukuwa na jibu. Tangu tuzaliwe hatukuwa tumekwenda majini kwa furaha. Tumevuka na wagonjwa, tumevuka na sanduku la chanjo, tumevuka na maiti. Wala hatukuwa tumewahi kujiuliza kwa nini watoto wa wageni hujifunza kuogelea na kuongoza tanga katika ziwa letu, huku wanawake waliozaliwa hatua ishirini kutoka majini hawajui hata kuelea. Upande wa Malawi, kwa miaka mingi palikuwa na mashindano ya tanga ya zaidi ya kilomita 500, siku zipatazo nane, katamarani ndogo kama ile zikiwemo. Ni ziwa hilohilo na mwera huohuo.

Tulichosema ni kwamba hatuwezi kumshauri mtu juu ya dawa ambayo hatujui. Kwanza tuulize.

Tukauliza kama tunavyouliza historia ya mgonjwa. Je, hiki kitu hupinduka? Mume wa yule mama alijibu bila kuficha: ndiyo, hupinduka. Upepo ukizidi, mwili mmoja hunyanyuka hewani, na aongozaye asipolegeza tanga, chombo hulala. Pia omo zikizama katika wimbi, chombo kinaweza kubiringika mbele. Na kikishageuka kabisa juu chini, hutulia hivyo, maana upana uleule uliokizuia kupinduka hukizuia kuinuka. Lakini hakizami, kwa kuwa miili yake imezibwa na ina hewa. Wenye chombo hukishika, hawaogelei kuondoka. Asubuhi alitutolea mfano katika maji ya kifuani: alikilaza makusudi, yeye na mkewe wakapanda juu ya mwili wa chini, wakavuta kamba na kuegemea nyuma kwa uzito wao. Tanga likatoka majini taratibu, chombo kikaanguka wima. Babu alidai kirudiwe mara tatu.

Masharti yao yalikuwa haya: kila mtu jaketi la kujiokolea, lifungwe kamba zote, abiria wawili tu kwa mara moja, ndani ya ghuba tu, na mwera ukianza kuchafua maji nje ya mawe, mchezo umekwisha. Tulitamani masharti hayo yangefuatwa na kila boti ya abiria tuliyowahi kupanda. Tumewahi kupanda boti moja, hatutasema ya nani, iliyokuwa na majaketi manne kwa watu thelathini, na hayo manne yalikuwa yamekaliwa na nahodha na marafiki zake kama mito.

Mmoja wetu alitangulia. Ndiyo, ni yuleyule wa mfuko mtupu. Alivua viatu, akafunga kitenge vizuri, akavalishwa jaketi lililomfanya aonekane kama gunia la kahawa, akakaa juu ya turubai huku midomo yake ikichezacheza; anasema alikuwa anahesabu, sisi tunajua alikuwa anasali. Mwingine wetu akamfuata. Hakukuwa na gati wala ngazi, maana chombo hakihitaji maji mengi; kilisukumwa tu kutoka mchangani.

Tulitazamia kelele, kwa kuwa boti zote tulizozijua zina injini. Hapakuwa na kelele. Tanga lilijaa, na miili ile miwili ikaanza kuyakata maji kwa sauti kama ya mtu anayepasua kitambaa. Ufuko uliondoka nyuma yetu upesi mno. Kupitia matundu ya turubai tulimwagiwa maji ya baridi makalioni, tukapiga mayowe kama wasichana wa bweni. Kisha mama mgeni akasema kwa upole, "Shika kamba hii. Ukivuta, tunakwenda. Ukilegeza, tunasimama." Mmoja wetu alivuta, tukaenda. Alilegeza, chombo kikatulia kama ng'ombe. Katika umri wetu huu, wenye wajukuu wawili, hatukuwa tumewahi kuambiwa kwamba kamba ya chombo inaweza kuwa mkononi mwetu. Baadaye alitusimulia kwamba katika Michezo ya Olimpiki, tangu Rio mwaka 2016, katamarani iitwayo Nacra 17 huongozwa na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa pamoja, kwa kanuni.

Tuliporudi, yule mama alikuwa amesimama majini hadi magotini, kanga yake ameikunja kifuani. Hakutuuliza kama tumefurahi. Alituuliza, "Mlilegeza mkasimama?"

"Tulilegeza, tukasimama."

"Ninyi wenyewe?"

"Sisi wenyewe."

Alimwita binti yake. Alimvalisha jaketi kwa mikono yake, akazivuta kamba moja moja, akarudia, kisha akamwita Babu aje ahakikishe. Babu alivuta zote tena. Binti alikaa upande wa kulia wa turubai, peke yake na wale wageni wawili, na chombo kikatoka.

Walizunguka ghuba mara mbili. Mara ya pili, upepo ulipoongezeka kidogo, mwili mmoja ulinyanyuka kutoka majini kiasi cha shubiri, na pale ufukweni pakawa kimya. Mama yake hakupiga ukelele. Alishika mkono wa mmoja wetu na kuubana kama mtu aliye katika uchungu, na tulijua mbano ule, tulishawahi kubanwa hivyo. Kisha mwili ule ulishuka, na kupitia majini tulisikia binti anacheka.

Saa tano mawimbi yalianza kuonyesha vichwa vyeupe nje ya mawe, na wageni wakapandisha chombo mchangani, kama walivyosema. Mabinti wengine waliokuwa kwenye foleni walinuna, wakaahidiwa siku inayofuata. Hatujui kama walipata, kwa sababu siku hiyo sisi tulikuwa tunapanda mlima na ndoo zetu za dagaa.

Wakati tunaaga tulimkuta Babu peke yake kando ya katamarani, ameshika kafi lake. Alikuwa analilaza kutoka mwili mmoja hadi mwingine, akipima nafasi ya katikati, na kisha akachonga alama kwa kisu kwenye mpini. Alituuliza tena habari ya Kigoma: miti wanayotumia ni ya aina gani, na wavu wa katikati hushushwa na watu wangapi. Tulimwambia tuliyoyajua, ambayo si mengi. Mianzi anayo, alisema, na mtumbwi wa pili atauazima kwa shemeji yake. Katani ndiyo imekuwa shida siku hizi, kila duka ni naylon tupu. Tukamwahidi kuitafuta Mbinga, na gari la Alhamisi lilipoteremka lilibeba vipande viwili, mita 30 kila kimoja.